Tarakimu 16: kisa cha namba ya simu ya Kifaransa Mji Mkongwe

Anayehusika na kisa hiki ni binti wa mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni, Mji Mkongwe, Unguja. Yeye simtaji wala nyumba siitaji. Ndilo sharti alilonipa aliponiruhusu kukiandika. Namfundisha Kifaransa nyakati za jioni, yeye na wenzake wa kazi za utalii: watembeza wageni, madereva, wauza viungo. Kilichompata yeye nimeona kikiwapata wengi kati yao, mmoja kwenye bei, mwengine kwenye tarehe, mwengine kwenye namba ya chumba. Nakieleza kwa urefu kwa sababu waliokuwa karibu naye walikisoma vibaya, na kwa kusoma kwao vibaya nusura binti mwenye sikio zuri la lugha aiache lugha yenyewe.

Siku hiyo familia ya Kifaransa, baba, mama na watoto wawili, ilikuwa Dar es Salaam ikingoja boti. Baba akapiga simu mapokezi. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, binti akamwambia kwa Kifaransa kwamba aendelee kwa lugha yake bila ya wasiwasi. Yule bwana akaeleza: boti ya mchana imewaacha, watapanda ya seize heures, watakuwa bandarini Malindi, hapa Unguja, kiasi cha dix-huit heures, simu yake inaishiwa chaji, kwa hivyo dereva atakayewapokea ampigie mkewe. Akaitaja namba ya mke. Binti akaandika, akashukuru, akamtakia safari njema.

Saa alizipata zote mbili sawasawa. Alimwambia dereva kwamba boti inaondoka saa kumi na kufika saa kumi na mbili jioni, na dereva alikuwepo bandarini kabla haijafunga gati. Kilichokwama ni namba. Dereva alipotaka kupiga, alichokuwa nacho mkononi hakikuwa namba ya simu ya nchi yoyote. Abiria wakashuka kwa wingi, vibao vya majina vikafichana, familia ikasimama upande mmoja na dereva upande mwengine mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mwisho wageni wakachukua teksi waliyoikuta. Wakafika wamechoka, mtoto mdogo analia, na baba anauliza kwa nini hakuna aliyempigia mkewe.

Niliomba nioneshwe karatasi. Namba halisi ya mtu siwezi kuiweka hapa. Nimeweka nyengine yenye mitego ile ile. Tuseme bwana yule alitaka kusema 06 39 98 74 92. Mtu wa Ufaransa huitamka hivi: zéro six, trente-neuf, quatre-vingt-dix-huit, soixante-quatorze, quatre-vingt-douze. Namba za simu za Ufaransa zina tarakimu 10 na husemwa mbili mbili, jozi tano, kila jozi ikisomwa kama namba kamili. Karatasi ya binti ilikuwa na 06, kisha 39, kisha 4 iliyokatwa kwa kalamu, kisha 80, 18, 60, 14, 80, 12. Ile 4 ilikatwa kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Ukiiacha hiyo, zilibaki tarakimu 16.

Maelezo yalikuwa matatu. Meneja alisema binti hajui Kifaransa na kwamba kwenye usaili alijisifia asichokuwa nacho. Mwenzake wa zamu alimtetea: "Shoga, hawa wanasema mbio mno, hata angekuwa nani asingepata." Na binti mwenyewe akaja kwangu jioni ile ameinamisha kichwa.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Maalim, mimi hesabu zilinishinda tangu skuli. Namba za Kifaransa siziwezi. Bora nibaki na maamkizi tu."

Nikamwambia aichukue karatasi ile ile, aache kuisoma, aijumlishe. Themanini na kumi na nane? Akatulia. "Tisini na nane." Sitini na kumi na nne? "Sabini na nne." Ya tatu hakungoja nimuulize. Aliandika 92 mwenyewe, halafu akarudi mwanzo wa mstari akaipitia namba nzima kwa ncha ya kalamu, tarakimu moja moja, mpaka akafika kumi.

Jambo hilo dogo linabomoa maelezo yote matatu. Karatasi ile haikupoteza hata neno moja la yule bwana. Kila alichokisema kimo, kwa mpangilio wake, na ukijumlisha panapostahiki unapata namba kamili. Mtu asiyejua Kifaransa hawezi kuandika karatasi kama ile. Angeacha mapengo au angeandika vitu visivyohusiana na kilichosemwa. Mtu aliyeshindwa na kasi vilevile huacha mapengo, maana kasi hula maneno, na hapa hakuna neno lililoliwa. Ama habari ya hesabu, tutazame saa. Kutoka dix-huit heures kwenda saa kumi na mbili jioni ni kutoa sita, na binti aliitoa sita hiyo huku simu iko sikioni na mgeni anaendelea kusema. Hufanya hivyo kila siku, kwa sababu kila siku anawapangia madereva wakati wa kuwafuata wageni. Mwenye kutoa kwa wepesi huo hashindwi kujumlisha themanini na kumi na nane.

Kwa hivyo tatizo liko pahala pengine. Mkono wake ulimaliza kuandika kabla namba haijamaliza kusemwa.

Ili lieleweke, lazima tutazame namba zenyewe. Kifaransa kina majina yasiyogawika kuanzia un mpaka seize, yaani 1 mpaka 16. Baada ya hapo 17, 18 na 19 ni "kumi-saba", "kumi-nane", "kumi-tisa": dix-sept, dix-huit, dix-neuf. Kisha makumi: vingt, trente, quarante, cinquante, soixante, 20 mpaka 60. Ndani ya makumi hayo mambo ni mepesi kwetu, kwa sababu mpangilio ni ule ule wa Kiswahili, kumi mbele na moja nyuma: trente-neuf ni thelathini na tisa, neno kwa neno, isipokuwa "na" imeondoka. Inarudi kwenye moja tu: vingt et un, trente et un, mpaka soixante et un.

Ukifika 70 Kifaransa cha Ufaransa hakina jina jipya. Kinabaki kwenye sitini na kuendelea kuhesabu: soixante-dix ni sitini na kumi, soixante et onze ni sitini na kumi na moja, mpaka soixante-dix-neuf, sitini na kumi na tisa. Themanini ni quatre-vingts, ishirini nne. Na tisini haina jina vilevile. Ni quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi, ikipanda mpaka quatre-vingt-dix-neuf. Humo ndani ile et haipo tena: 81 ni quatre-vingt-un na 91 ni quatre-vingt-onze.

Wanafunzi huniuliza kwa nini iwe hivyo, na wanastahiki jibu. Zamani Kifaransa kilihesabu vingi kwa ishirini ishirini. Alama yake iko wazi Paris mpaka leo: hospitali ya macho inayoitwa Quinze-Vingts, "ishirini kumi na tano", iliyoanzishwa na mfalme Louis wa 9 kiasi cha mwaka 1260 kwa ajili ya vipofu 300. Hesabu ya makumi ikaja kutawala sehemu kubwa, na ile ya ishirini ikabakia juu ya sitini. Si kila msemaji wa Kifaransa aliyebaki nayo. Ubelgiji na Uswisi husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, na baadhi ya maeneo ya Uswisi husema huitante kwa 80. Kongo, Rwanda na Burundi walirithi septante na nonante kwa Wabelgiji. Nitalirudia hili, maana kwetu Unguja wageni wa Kongo si wachache.

Sasa tumlinganishe msikilizaji wa Kiswahili. Kwetu kila kumi ina jina lake: sitini, sabini, themanini, tisini, majina tuliyoyapokea kwa Waarabu, na kila moja likishatajwa limemaliza kazi. Ukisikia "sabini" unaandika 7 hapo hapo, hungojei kitu, kwa sababu hakuna kitakachokuja kuigeuza ile 7. "Na nne" itakuja, utaandika 4, basi. Mkono wa Mswahili umefundishwa hivyo tangu skuli ya msingi, na umefundishwa vizuri. Tena mafunzo hayo yanafaa kwa Kifaransa chote cha 20 mpaka 69, ndiyo maana binti hakuteleza kwenye trente-neuf. Aliposikia trente aliandika 3, akaandika 9, akawa sahihi. Mazoea yale yalikuwa yamemtumikia mwaka mzima wa masomo bila kumwangusha. Kisha ikaja quatre-vingt-dix-huit, na mkono ukaandika 4.

Hiyo 4 iliyotoboa karatasi inanifundisha zaidi kuliko kitu chengine chochote kwenye kisa hiki. Aliandika 4 kwa mazoea, akasikia vingt, akatambua kwamba ni themanini, akaifuta na kuandika 80, haya yote ndani ya sekunde moja na mgeni hajanyamaza. Ni akili iliyo macho. Ila akadhani kwamba kugundua themanini ndiko kumaliza, na kwa kuwa ameshaandika sifuri ya 80, ile dix-huit iliyofuata haikuwa na pahala pa kukaa ila kuandikwa peke yake.

Kuna sababu ya pili, nayo inatokana na namna alivyojifunza kabla hajaja kwangu. Alikuwa na daftari lenye namba zote 1 mpaka 100 kwa mstari, na pembeni matamshi kwa herufi za Kiswahili: "sis", "set", "wit", "katrvan". Alizihifadhi kwa mfululizo, na ukimwambia ahesabu alikuwa akizishusha mpaka mia bila kukwama. Sisi tumelelewa chuoni na skuli kuhifadhi kwa mfululizo, na kuhifadhi ni neema, mtu asiidharau. Lakini kilichohifadhiwa kwa mfululizo hutoka kwa mfululizo. Nilipomuuliza soixante-dix-huit ni ngapi, niliona midomo yake ikitembea kimyakimya kuanzia soixante-dix: onze, douze, treize, mpaka akaifikia. Alijibu sahihi, ila alichelewa. Kwenye simu hakuna anayekungoja upande kutoka sitini.

Saa alijifunza kinyume na hivyo. Hakuna aliyempa orodha ya saa. Alizisikia moja moja, bila mpango, kila moja ikiwa na dereva na mgeni nyuma yake: leo dix-neuf heures, kesho six heures, keshokutwa quatorze heures trente. Kila namba ya saa kwake imesimama kwa miguu yake. Mtu yule yule, lugha ile ile, wiki zile zile, na njia mbili za kujifunza zimezaa uwezo wa aina mbili. Ndiyo maana nasema, na nasema kwa yakini ya miaka ya kufundisha watu wa kazi hizi, kwamba kosa halikuwa la kichwa chake.

Matibabu yalikuwa ya namna mbili, ya dharura na ya kudumu.

Ya dharura ni sentensi tatu. Ya kwanza: "Chiffre par chiffre, s'il vous plaît." Mgeni akiombwa hivyo ataitaja namba tarakimu moja moja: neuf, huit, sept, quatre. Mitego yote ya 70 na 90 inaondoka papo hapo, kwa sababu inabaki zéro mpaka neuf tu. Ya pili: "Je répète", halafu binti anaisoma namba aliyoandika, naye anaisoma tarakimu moja moja. Ya tatu ni kumuomba mgeni aitume kwa WhatsApp. Mwenzake wa zamu alitaka waishie kwenye hiyo ya tatu, na siipuuzi, inafaa sana. Lakini mgeni aliyepiga kwa sababu simu yake inazima hataweza kutuma kitu. Juu ya sentensi hizo nikamwekea ukaguzi: tarakimu za Ufaransa ni 10, kama za kwetu zinazoanza na 0, kwa hivyo zikizidi au zikipungua usikate simu. Na anayepiga kutoka hapa huondoa ile 0 ya mwanzo na kuweka +33.

Meneja alizipenda sentensi hizo akaona kazi imekwisha. Sikukubaliana naye. Binti hakuja darasani kujifunza namna ya kuwaomba Wafaransa waache kusema Kifaransa.

Ya kudumu ilianza kwa kuizuia kalamu. Nilimwambia aishike juu ya karatasi na asiiguse mpaka asikie kituo. Wafaransa wanapotaja namba ya simu huweka kituo kifupi baina ya jozi na jozi, na kituo hicho ndicho pekee kinachotofautisha soixante-quatorze, yaani 74, na soixante, kisha quatorze, yaani 60 na 14. Maneno ni yale yale. Mwanzo ilimkera. Alikuwa akisema "nitasahau, maalim", na mkono ukishuka wenyewe. Hatukuongeza namba ndefu. Tulibaki na jozi moja: nasema, nanyamaza, anaandika.

Hapo nikampa jambo ambalo vitabu nilivyoviona havilitaji, na ningependa kila mwalimu wa watu wa mapokezi alifahamu. Katika namba ya simu inayosomwa mbili mbili, jozi haiwezi kuanza na quatre halafu ikawa ni nne tupu au arobaini na kitu. Ingekuwa 04 mtu angesema zéro quatre. Ingekuwa arobaini na kitu angesema quarante. Basi jozi ikifunguliwa na quatre, ni themanini au tisini, hakuna ya tatu. Na ikifunguliwa na soixante, ni sitini au sabini. Kinachoamua ni kipande cha mwisho: kikiwa baina ya un na neuf, tarakimu ya mbele ni 6 au 8; kikiwa baina ya dix na dix-neuf, tarakimu ya mbele inapanda, 7 au 9. Binti alipoliona hilo alikaa kimya, akajijaribu mwenyewe kwa sauti: "Quatre-vingt-trois, themanini na tatu. Quatre-vingt-treize..." Akacheka. "Tisini na tatu. Ile treize ndiyo inayoipandisha."

Na ndio hapo sikio lake lilipohitaji kazi ya kweli, kwenye trois na treize, six na seize, deux na douze. Ukikosea mwisho umekosea na mwanzo: anayesikia soixante-six badala ya soixante-seize ameandika 66 pahala pa 76. Six peke yake inamalizikia kwa "s" kali na fupi. Seize ina irabu iliyo wazi zaidi na inamalizikia kwa "z". Kiswahili hakina maneno yanayomalizikia hivyo, ulimi wetu hutaka kuongeza irabu mwishoni, na irabu hiyo huzifunika zote mbili. Jozi hizi tulizirudia kuliko kitu chengine chochote. Kuna na alama ndogo inayosaidia: "t" ya vingt husikika kwenye 22 mpaka 29, vingt-deux, lakini ndani ya themanini haisikiki, quatre-vingt-deux. Kanuni za maandishi, kama ile "s" ya quatre-vingts inayoonekana peke yake na kupotea ikifuatiwa na namba, nilizipitia mara moja tukaendelea. Naona vitabu vinazipa kurasa nyingi kuliko zinavyohitajiwa na mtu wa kaunta.

Baina ya darasa na darasa alihitaji namba zisizo na mfululizo, nyingi, na za bure. Mji wetu umejaa. Gari za Zanzibar zina herufi Z, tarakimu tatu na herufi mbili, na binti hurudi nyumbani kwa daladala kila jioni. Akawa akizisoma kwa Kifaransa gari zinazopita kabla hazijampita: 792, sept cent quatre-vingt-douze, 371, trois cent soixante et onze. Namba za daladala zenyewe zikawa somo. Ya uwanja wa ndege, 505, ni cinq cent cinq. Ya Nungwi, 116, ni cent seize. Ya Jambiani, 309, ni trois cent neuf. Ya Kizimkazi, 326, ni trois cent vingt-six. Lakini kusoma ni kutoa, na yeye alihitaji kupokea. Kwa hilo alimpata jirani yao, mama wa Kingazija aliyesoma kwa Kifaransa kwao, ambako ni lugha rasmi mojawapo. Yule mama alikuwa akimtajia namba jozi jozi huku akisuka ukili, hamtazami usoni wala hapunguzi mwendo. Nadhani msaada wake ulizidi wangu, kwa sababu mimi kwa huruma ya mwalimu bila ya kujijua huwa napunguza.

Baada ya wiki kadhaa binti aliweza kupokea namba nzima ya simu kwa mwendo wa kawaida. Hakuwa hakosei, soixante-seize iliendelea kumchanganya, hasa kwenye simu yenye mtandao mbovu. Ila makosa yalibadilika sura. Zamani karatasi ilirefuka. Sasa tarakimu zilikuwa kumi kila mara, na pakiwa na kosa liko kwenye jozi moja inayojulikana, ambayo anamuomba mgeni airudie peke yake. Kosa la namna hiyo linatibika bila ya kukata simu.

Mambo mawili yalijitokeza ambayo sikuyatazamia kwenye kisa hiki. La kwanza, mgeni wa Kongo alimtajia namba yenye nonante-deux, na binti, aliyekuwa tayari kungoja ishirini nne, akakosa pa kushika. Aliuliza kwa adabu, yule bwana akamwambia kwao 90 ni nonante. Jioni alinijia kama aliyeonewa: "Kumbe ipo njia nyepesi, maalim, na hukuniambia!" Kwa kweli nilikuwa nimeitaja darasani, ila kutaja si kuzoesha. Sasa kila mwanafunzi wangu anazisikia septante na nonante mapema, azitambue akiambiwa, huku yeye mwenyewe akisema ya Ufaransa, kwa kuwa wageni wengi wanaozungumza nao hutoka huko.

La pili ni mwandiko. Kwenye fomu za wageni Wafaransa huandika 1 kwa mkia mrefu wa mbele, na mtu wa hapa huiona ni 7. Ile 7 yao wao huikata kwa kistari katikati. Binti alikuwa na tarehe za kuzaliwa zisizolingana na pasi za kusafiria kwenye daftari lake la wageni, na baada ya kulijua hilo alizipitia na kuzirekebisha.

Kilichobaki ni pesa, na hapo bado tupo kazini. Kwenye pesa Kiswahili na Kifaransa vinaachana mwanzoni kabisa. Sisi tunatanguliza ukubwa: "elfu tisini na sita", msikilizaji anajua tangu neno la kwanza kwamba tunasema maelfu. Mfaransa huuweka nyuma: quatre-vingt-seize mille. Mpaka neno la mwisho lisikike hujui kama ni tisini na sita ya dola au ya maelfu ya shilingi. Laki haipo kabisa. Laki mbili ni deux cent mille, elfu mia mbili kwa mpangilio uliogeuzwa. Kwetu mia tano na mia na tano hutofautishwa na "na" moja tu. Kwao hutofautishwa na nafasi, cinq cents na cent cinq, na mtu akihamisha mpangilio wa Kiswahili neno kwa neno anamwambia mgeni 105 pahala pa 500. Hata kibao cha bei kina lake. Tunaandika 75,000 na mkato, na kwa Mfaransa mkato hutenganisha namba nzima na sehemu zake, kwa hivyo anaweza kuisoma kama 75 tupu. Nimewaambia wanafunzi wangu wenye maduka waache nafasi badala ya mkato, 75 000, ndivyo kwao inavyoandikwa.

Kwa sasa bei ikipita laki binti huiandika kwenye kikokotoo cha simu, humgeuzia mgeni aione, kisha huitamka kwa Kifaransa akiwa anaiangalia. Mgeni akiitamka tofauti, analinganisha na kilichoandikwa. Nimemruhusu aendelee hivyo, maana fedha ya watu si ya kufanyia majaribio, na kila akiitamka mbele ya namba iliyoandikwa anajifunza. Yule mama wa Kingazija ameshaambiwa aache namba za simu na aanze kumtajia bei.